Mtoto wa Shule ya Msimbazi

Msomaji mwenzangu, tuanzie Magogoni, kwenye pantoni. Mwaka jana nilikaa pale na muswada wa riwaya yangu, kurasa 200 za daftari, umerudishwa na mchapishaji bila hata barua. Mimi niliishia kidato cha nne, nauza mitumba Kariakoo. Nikasema basi, uandishi ni wa wasomi wa Mlimani. Nusura niutose baharini.

Nikaondoka kwa miguu, sina hili wala lile. Karibu na Makumbusho ya Taifa nikakiona kibao: Mtaa wa Shaaban Robert. Jina nalijua tangu shuleni. Maisha yake, sikuyajua. Nikaanza kumsoma.

Kumbe alikulia kimasomo mitaa yetu hii hii! Alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, lakini shule alisoma hapa Dar es Salaam, Kichwele na Msimbazi, kati ya 1922 na 1926. Chuo kikuu hakukanyaga. Akawa karani wa forodha, baadaye idara ya wanyamapori, kisha ofisi za serikali huko Tanga. Mchana mafaili ya mkoloni, vitabu vyake baada ya kazi. Si mchezo.

Alifiwa na mkewe Amina, akabaki na watoto. Wanawe hao aliwatungia tenzi: Utenzi wa Hati kwa binti, Utenzi wa Adili kwa mwana. Kwa maoni yangu, mwandishi wa watoto alizaliwa hapo, kwa kuwa na watoto wa kweli wa kulea. Mwaka 1952 ikatoka Adili na Nduguze, hadithi ya ndugu wenye husuda waliogeuzwa manyani. Kiini chake kipo katika Alfu Lela Ulela, ila yeye aliwapa watu wake majina yanayosema: Adili, Hasidi, Mwivu. Mtoto akisikia jina tu, tabia ameshaijua.

Mwaka huohuo alitoa Omar Khayyam kwa Kiswahili. Beti za Mwajemi alizitoa katika Kiingereza cha Edward FitzGerald. Lugha ya mabwana wa ofisini akaigeuza daraja, Mwajemi akavuka mpaka Tanga.

Lakini kilichonichoma ni Kufikirika. Aliiandika mwaka 1946, ikachapishwa 1967. Miaka 21! Mwenyewe alishafariki 1962, kitabu hakukiona. Je, angekata tamaa kama mimi siku ile pantoni, leo tungesoma nini?

Muswada wangu ninao bado. Jioni nikishafunga meza, namsomea mpwa wangu wa miaka tisa. Juzi alisinzia kabla sijafika ukurasa wa pili.

"Mjomba," aliniambia asubuhi, "huyo mtu wako anaongea sana."

Sura hiyo nimeichana. Usiku huu naiandika upya.