Kuuza Kwa Mtandao Kutoka Pemba: Njia Za Kumfikishia Mnunuzi Mzigo Wake, Na Ni Nani Anayebeba Hasara Ukipotea



Biashara ya simu imeingia majumbani mwetu. Mama anashona kofia Wete, mnunuzi yuko Morogoro. Kijana anauza asali Chake Chake, mteja yuko Maskati. Picha inatumwa, bei inakubaliwa, pesa zinaingia kwenye simu. Mpaka hapo kila mtu ameridhika. Ugomvi huanza pale mzigo unapochelewa, unapovunjika au usipoonekana kabisa. Muuzaji anasema, "Mimi nimeshatuma." Mnunuzi anasema, "Mimi sijapokea." Wote wawili ni wakweli, na mali imepotea.

Makala hii inaeleza njia za kutuma mzigo kutoka kisiwani kwetu pamoja na hukmu zake. Jambo la kushika ni hili: kuchagua njia ya kutuma ni kuchagua pia nani atabeba hasara. Basi lisemwe kabla ya pesa kutoka mkononi mwa mnunuzi, si baada ya mzigo kupotea.

Mzigo ukipotea njiani ni hasara ya nani?

Katika madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy, ambayo ndiyo wengi wetu visiwani tunayoifuata, kitu kilichouzwa kinabaki katika dhamana ya muuzaji mpaka mnunuzi akipokee (qabdhw). Kikiangamia kabla ya hapo kwa sababu isiyokuwa ya mnunuzi mwenyewe, kama vile chombo kupatwa na dhoruba, biashara inavunjika na mnunuzi anarejeshewa pesa zake. Mahanafi nao wanakubaliana na asili hii. Wamaaliki na Mahanbali wanaona kuwa kitu maalumu kisichouzwa kwa kipimo kinaingia katika dhamana ya mnunuzi tokea mkataba unapofungwa, maadamu muuzaji hakumzuilia.

Kupokea si lazima kuwe kwa mkono wa mnunuzi mwenyewe. Akimuwakilisha mtu, kupokea kwa wakala wake ni kama kupokea kwake. Hapa ndipo njia ya kutuma inapobadilisha hukmu:

1. Mnunuzi akisema, "Mkabidhi karani wa meli fulani" au "Mpe shemeji yangu anayesafiri kesho", huyo ni wakala wa mnunuzi. Ukishamkabidhi mzigo ukiwa mzima na umefungwa vizuri, umetoka katika dhamana yako.

2. Muuzaji akisema, "Nitakufikishia mpaka mlangoni", msafirishaji ni wakala wa muuzaji. Mzigo ukipotea, hasara ni ya muuzaji.

3. Wasiposema chochote, hurejewa 'ada ya watu wa biashara hiyo. Na kwa kuwa biashara ya mtandao ni mpya, mara nyingi hakuna 'ada iliyotulia, na hapo ndipo panapozuka khitilafu.

Kuuza kwa picha

Kauli yenye nguvu kwa Mashaafi'iy ni kuwa kitu maalumu ambacho mnunuzi hakukiona hakiuzwi. Njia iliyo wazi kwao ni biashara ya salam: unauza kitu kwa sifa, kikiwa ni deni juu yako, na bei inalipwa yote wakati wa mkataba. Kwa hiyo taja aina, kipimo, rangi, uzito na muda wa kukabidhi. Na wamesema: ikiwa kukibeba kitu hicho kuna gharama, ni shuruti kutaja mahali pa kukabidhiana. Tazama vipi Fuqahaa walivyolizingatia jambo hili karne nyingi kabla ya simu! "Nitakukabidhi bandari ya Mkoani" na "nitakukabidhi nyumbani kwako Morogoro" ni mikataba miwili tofauti.

Katika salam mzigo ukipotea kabla ya kukabidhiwa, muuzaji anatakiwa alete mwengine wa sifa ile ile, kwani deni bado liko juu yake.

Ama malipo wakati wa kupokea, lililo salama ni kuwa agizo la kwenye simu lihesabiwe kuwa ni ahadi tu, na biashara ifungwe pale mnunuzi anapouona mzigo na kulipa. Kabla ya hapo mali ni ya muuzaji na hasara ni yake. Mnunuzi naye ana haki ya kukataa, japokuwa si uungwana kumtaabisha mtu kwa agizo la mchezo.

Njia zilizopo

*Posta.* Shirika la Posta Tanzania linahudumia Bara na Visiwani, na ofisi zipo katika miji yetu mikuu. Barua ya kawaida haina namba ya kufuatilia, basi usiitumie kwa kitu cha thamani. Rejesta inaandikwa na kusainiwa. EMS ni ya haraka zaidi na ghali zaidi. Kifurushi kidogo kinachokwenda nje ya nchi kwa njia ya barua hakizidi kilo 2; zaidi ya hapo kinakwenda kama kifurushi kamili. Namba ya kufuatilia ya kimataifa ina alama 13: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha TZ. Ikianza na E ni EMS, R ni rejesta, C ni kifurushi. Mpelekee mnunuzi picha ya risiti siku hiyo hiyo. Mkumbushe pia kuwa kwetu barua nyingi hufika kwenye sanduku la posta, si mlangoni, kwa hiyo andika namba yake ya simu juu ya mzigo.

Posta inafaa kwa vitu vyepesi visivyoharibika: kofia, kanga, mikoba ya ukili. Na ndiyo njia iliyo wazi zaidi kwa mteja wa nje ya nchi.

*Meli, kisha basi.* Mzigo unapelekwa Mkoani, unapanda meli mpaka Unguja na Dar es Salaam, na kutoka hapo basi linaupeleka mkoani kwa mnunuzi. Ni njia nyepesi kwa mizigo mizito kama mikeka au ndoo ya asali. Udhaifu wake ni kuwa mzigo unapita mikono mingi, na kila mkono una risiti yake au hauna kabisa. Omba risiti kila hatua, na ujue jina la ofisi itakayoupokea upande wa pili. Msimu wa kusi bahari inapochafuka safari huweza kuahirishwa; halua na vyakula vyengine vinavyoharibika usivitume bila kumuonya mnunuzi juu ya kuchelewa.

*Msafiri.* Hii ndiyo njia ya wazee wetu na bado inatumika sana, hasa kwenda Oman na Dubai. Msafiri aliyebeba bila ujira ni mwenye amana: halipi kilichopotea isipokuwa akizembea au akivuka mipaka. Ni wajibu kumuonesha kilichomo. Kumpa mtu bahasha iliyofungwa bila ya kumwambia kilichomo ni kumhatarisha mbele ya walinzi wa uwanja wa ndege. Ama aliyebeba kwa ujira, 'Ulamaa wamekhitalifiana kuhusu dhamana yake, basi kubalianeni mapema.

Gharama ya kutuma

Inajuzu kuijumuisha ndani ya bei, na inajuzu kuitaja mbalimbali. Lisilojuzu ni kusema, "Posta wamenitoza 12,000" ilhali wametoza 7,000. Ukitaka faida zaidi, pandisha bei ya bidhaa yako kwa uwazi, au sema "gharama ya kufunga na kutuma ni 12,000". Biashara ni kuridhiana, kama ilivyokuja katika Suwrah An-Nisaa (4: 29), na hakuna kuridhiana juu ya uongo.

Tamko la forodha

Mzigo wa nje ya nchi una fomu ya forodha: CN22 kwa thamani ndogo na CN23 kwa thamani kubwa. Baadhi ya wanunuzi huomba kuandikiwa "zawadi", au thamani ipunguzwe, ili wasitozwe ushuru. Hilo ni kuandika uongo na kuutia saini. Pia lina madhara duniani: mzigo ukipotea, fidia huangaliwa kwa thamani uliyoitaja wewe mwenyewe.

Visivyotumwa

- Karafuu: kwa sheria ya Zanzibar mnunuzi wake ni ZSTC. Kuzifunga kwenye vifurushi na kuziuza kwa mtandao kunaweza kukuingiza katika magendo.
- Dhahabu na fedha kwa pesa: ni shuruti kukabidhiana papo kwa papo. Kulipwa leo na kuipeleka bangili kwa posta ni riba ya kuchelewesha kwa kauli ya jumhuri ya 'Ulamaa.
- Manukato yenye spiriti na vitu vyengine vinavyoshika moto: uliza ofisini kabla ya kufunga.
- Bidhaa ya mtu mwengine uliyochukua picha yake tu: Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimkataza Hakiym bin Hizaam kuuza asichokuwa nacho. Ama ukikubaliana na mwenye mali uwe dalali wake kwa ujira unaojulikana, hapana ubaya.

Mzigo ukichelewa au kupotea

Usizime simu. Kwanza angalia namba ya kufuatilia, kisha nenda na risiti ofisini ulipotuma. Kwa rejesta au kifurushi cha kimataifa, uchunguzi uombwe ndani ya miezi sita tangu siku ya kutuma. Ikidhihiri kuwa dhamana ni yako, rejesha pesa au tuma mwengine. Usimfanye mnunuzi asubiri mpaka Posta au meli ikulipe wewe, kwani hayo ni mambo yenu wawili. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Jaabir kuwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amemkataza aliyeuza matunda yakapatwa na janga asichukue chochote kutoka kwa ndugu yake.

Na mnunuzi naye amche Allaah: asidai hakupokea ilhali amepokea.

Maneno ya kumwandikia mnunuzi

Katika Suwrah Al-Baqarah (2: 282) tumeamrishwa kuandika deni, na ujumbe wa simu ni maandishi. Kabla ya kupokea pesa andika mfano wa haya:

"Kofia moja, saizi 22, nyeupe, uzi wa kahawia. Bei 60,000. Kutuma kwa EMS ni juu yako kwa gharama itakayokuwemo kwenye risiti. Nitatuma Jumatatu na kukupa namba. Ikipotea kabla hujaipokea, nitakushonea nyengine. Umekubali?"

Akijibu "Nimekubali", kila mmoja anajua haki yake na wajibu wake, na udugu unabaki salama.

Wa Allaahu A'lam.