Kenya ni Lafudhi ya Jirani

Jina la nchi yetu ni neno la Kikuyu lililotamkwa na Mkamba, kisha likaandikwa na Mjerumani. Tulia kwanza, usianze kubishana. Naeleza.

Tarehe 3 Desemba 1849, mmishonari mmoja anaitwa Johann Ludwig Krapf alikuwa Kitui. Mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu, mtu aliyekuwa akituma misafara mpaka Pwani. Siku hiyo mawingu yakafunguka na Krapf akaona kwa mbali mlima wenye theluji. Wakikuyu, ambao wanaishi chini ya mlima wenyewe, waliuita Kĩrĩnyaga. Lakini Krapf hakuwa Nyeri. Alikuwa ukambani, na ukambani zile r na g za katikati huwa zinamezwa. Kĩrĩnyaga ikitoka kinywani mwa Mkamba inakuwa kitu kama Kĩĩnyaa. Krapf akaandika alichosikia. Kuna watu wana maelezo mengine kuhusu asili ya jina, lakini hili ndilo linalokubalika zaidi. Mwaka 1920, Waingereza walipoacha kuita hapa East Africa Protectorate na kuifanya koloni kamili, jina la mlima likawa jina la nchi.

Sasa cheki. Kila mwaka tunacheka vichekesho vilevile vya lafudhi ya Mkamba. Na pasipoti yako imeandikwa kwa lafudhi hiyohiyo.

Nimeanza na hii story kwa sababu kuna swali huwa linarudi sana huku kwetu Rhonda: kwa nini watu wa lugha mbili zinazofanana wengine wanasikizana na wengine wanadai hawaelewi kitu? Rhonda ni mahali pazuri pa kuuliza. Ploti moja inaweza kuwa na Mkikuyu, Mkipsigis, Mluhya, Mjaluo na Mkisii, wote wanachota maji kwa mfereji mmoja. Ukisikiliza vizuri asubuhi moja tu, utagundua lugha si kuta. Zinavuja.

Chukua Kikuyu na Kikamba. Mtu ni mũndũ kwa zote mbili. Nyumba ni nyũmba kwa zote mbili. Njia kwa Kikuyu ni njĩra, kwa Kikamba ni nzĩa. Mlima ni kĩrĩma kule, na huku ni kĩima. Kula ni kũrĩa, na kwa Kikamba ni kũya. Unaona mtindo? Mahali Mkikuyu anaweka r, Mkamba mara nyingi anairuka. Mahali Mkikuyu anasema nj, mwenzake anasema nz. Si makosa, na si uvivu wa ulimi. Ni kanuni, na ukiishaishika, maneno mengi yanafunguka yenyewe.

Hata Wazungu wana mambo hayahaya. Kiswidi na Kidenmaki zilitoka kwa lugha moja ya kale ya watu wa kaskazini. Kwa maandishi, Mswidi anaweza kusoma gazeti la Copenhagen na akapata maana nyingi. Shida inaanza Mdenmaki akifungua mdomo. Mtaa kwa Kiswidi ni gata, kwa Kidenmaki wanaandika gade, lakini ile d inalainika mpaka karibu ipotee. Keki ni kaka kule, na huku ni kage, na g yake haisikiki kama g. Hesabu nayo ni balaa. Hamsini kwa Kiswidi ni femtio, yaani kumi tano, rahisi. Mdenmaki anasema halvtreds, neno lililotoka kwa hesabu ya zamani ya ishirini mara mbili na nusu. Watafiti wamepima jambo hili zaidi ya mara moja na wakapata kwamba Wadenmaki wanaelewa Kiswidi kuliko Waswidi wanavyoelewa Kidenmaki. Wanorwe ndio wanawashinda wote wawili kwa kuelewa majirani.

Hapo ndipo mambo yananoga. Kama kuelewana kungekuwa suala la maneno peke yake, kungekuwa sawa pande zote mbili. Umbali wa Malmö kwenda Copenhagen ni uleule wa Copenhagen kurudi Malmö, na tangu mwaka 2000 kuna daraja. Lakini masikio hayaendi umbali sawa. Sehemu ya sababu ni sauti zenyewe, kwa sababu anayetamka kila herufi ni rahisi kufuatwa kuliko anayemeza. Sehemu nyingine ni mazoea: nani amemsikia nani, kwa redio gani, kwa soko gani, kwa miaka mingapi. Na sehemu nyingine ni siasa. Skåne, ile kona ya kusini ya Uswidi, ilikuwa ya Denmark mpaka mwaka 1658. Vita vikaisha, mpaka ukasogezwa, na watu wa pale wakaanza kufundishwa kwamba lugha yao ni Kiswidi. Milima haikusonga. Jina ndilo lilisonga.

Rudi nyumbani sasa. Wakikuyu na Wakamba walikuwa wakifanya biashara kabla ya reli, na misafara ya Kivoi ilipita katikati ya watu wenye lugha za kukaribiana. Halafu wakaja wamishonari na serikali ya kikoloni. Kila misheni ikaandika Biblia na vitabu vya shule kwa lugha ya mahali ilipokita kambi. Kila wilaya ikachorewa mpaka na kupewa kabila lake. Lugha mbili zilizokuwa zinavuja zikawekewa ukingo wa karatasi. Leo tunazihesabu kama makabila mawili tofauti kabisa, na wanasiasa wanazihesabu kama vikapu viwili vya kura.

Upande wa pili wa Bonde la Ufa historia ilienda kinyume kabisa, na hii ndiyo inanishangaza zaidi. Mwaka 1930 hakukuwa na Mkalenjin hata mmoja. Watu walikuwepo, lugha zao zilikuwepo, lakini hilo jina halikuwepo. Walikuwepo Wanandi, Wakipsigis, Watugen, Wakeiyo, Wamarakwet, Wapokot, Wasabaot na wengine. Serikali ya kikoloni iliwaita kwa majina ambayo mengi hawakujichagulia: Wakipsigis waliitwa Lumbwa, Wapokot wakaitwa Suk, Watugen wakaitwa Kamasia. Kwa ujumla waliandikwa tu kama watu wanaozungumza Kinandi, jambo ambalo Mkipsigis hawezi kulifurahia.

Halafu ikaja Vita ya Pili ya Dunia, na redio. Mtangazaji John Chemallan alikuwa akitangazia vijana wa jamii hizo, na alikuwa na mazoea ya kutumia neno moja: kalenjin. Maana yake ni "nakwambia." Karibu kila jamii ya kundi lile ilielewa. Wakati huohuo vijana waliokuwa wakisoma Alliance High School, akiwemo Taaitta Toweett, walikuwa wachache katikati ya wanafunzi wa jamii kubwa. Wakaungana, na wakahitaji jina. Neno la redio lilikuwa tayari. Miaka ya 1940 ikiisha, jina lilikuwa limeshika, na mwaka 1960 kulikuwa na chama kinaitwa Kalenjin Political Alliance, kikiwa na Toweett huyohuyo, kilichoingia ndani ya KADU kwa kuogopa kumezwa na KANU.

Ndani ya miaka ishirini hivi, "nakwambia" ikawa kabila.

Je, wote wanaelewana? Mkipsigis na Mnandi, bila shida kubwa. Mkeiyo pia yumo. Ukifika kwa Mpokot, mambo yanakuwa magumu, na kuna wataalamu wa lugha wanaoweka Kipokot kando kama lugha yake. Yaani Mnandi anaweza kusumbuka na Kipokot na bado wakaitwa kabila moja, wakati Mkamba anayefuata mazungumzo ya Kikuyu kwenye matatu anaitwa wa kabila lingine. Kama ungepima kwa masikio peke yake, ramani ya makabila ya Kenya ungeichora tofauti na hii tuliyonayo.

Sisemi kwamba Ukalenjin ni uongo. Jina likishaliliwa, likaimbiwa na likazikwa nalo watu, ni la kweli. Ninachosema ni kwamba lina umri. Kuna wazee wamezaliwa kabla yake. Tukijua hivyo, ni vigumu mtu kutuambia kwamba mipaka hii ilikuwepo tangu Mungu aumbe Menengai.

Na kwetu hili si somo la darasani. Mwishoni mwa Januari 2008, mitaa ya magharibi ya Nakuru, Rhonda na Kaptembwo zikiwemo, iliwaka. Jina la pili kwenye kitambulisho likawa swali la kufa na kupona. Watu waliokuwa wakikopeshana chumvi walianza kuhesabiana kwa lugha. Baadaye ripoti ya Tume ya Waki ilitaja baadhi ya redio za lugha za mama kwa uchochezi. Fikiria hiyo safari. Redio ilichukua neno "nakwambia" ikaunganisha watu waliokuwa wametawanyika, na miaka sitini baadaye redio zikatumika kuwatenga majirani. Chombo ni kilekile. Kilichobadilika ni nani anaambiwa, na anaambiwa nini kuhusu mtu wa mlango wa pili.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Kwanza, "sielewi lugha yenu" mara nyingi si habari ya masikio, ni habari ya kutotaka. Mama mboga wa Rhonda anaelewa bei kwa lugha tano, na hakusoma chuo chochote cha lugha. Biashara ilimlazimisha kusikiliza. Wanorwe nao hawakuzaliwa na masikio makubwa. Wamezoea tu kusikia lahaja nyingi kwao wenyewe, bila kumlazimisha kila mtu aongee kama wa mji mkuu.

Pili, vichekesho vya lafudhi tuvipime. Kucheka ni kucheka, sisi wote tunacheka. Lakini lafudhi ileile unayoichekea leo ndiyo mtu alitafutwa nayo 2008. Kijana akiacha kuongea lugha ya mamake kwa sababu anachekwa mtaani, amepoteza lugha moja, na pia amepoteza mlango wa zile nyingine tatu za jirani zake.

Tatu, tuulize wazee wetu wangali hai. Muulize shosho, muulize kogo, muulize dani: kabla ya jina hili tunalojiita, watu wa kwenu walijiita nani? Na walipokutana na wale wa ng'ambo ya mto, waliongeaje? Wengi watakuambia waliongea tu, kila mtu kwa lugha yake, na wakasikizana.

Mwaka 1849 mtu mmoja alisimama Kitui akasikia jina la mlima kutoka kwa jirani wa wenye mlima. Kama Kivoi na watu wake wangesema "hiyo ni lugha ya Wakikuyu, sisi hatuielewi," hatujui leo tungeitwa nani.