Wahusika na Dhamira: Jinsi Riwaya na Tamthiliya za Kiswahili Zilivyohakikiwa

Uhakiki wa wahusika na dhamira katika riwaya na tamthiliya za Kiswahili ulishika mizizi mwishoni mwa miaka ya 1960, miaka michache baada ya nchi za Afrika Mashariki kupata uhuru. Kabla ya hapo, maandishi yaliyopimwa kwa makini yalikuwa hasa mashairi. Katika miji ya pwani kama Lamu, Mombasa na Unguja, wajuzi wa tungo walijibizana kuhusu mizani, vina na mafumbo, na gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, likaufikisha mjadala huo hadi bara. Tenzi ndefu zilikuwa na mashujaa wake, lakini msikilizaji alitarajiwa kuwaiga au kuwaepuka. Kuwachambua halikuwa jambo lililodaiwa kwake.

Hadithi za nathari zilipoanza kuchapishwa kwa wingi wakati wa utawala wa Waingereza, zilikuja na kazi nyingine. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili ilihitaji vitabu vya kusomea, na vingi vilikuwa tafsiri. Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa kamati hiyo, alitafsiri Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani. Mwaka 1934 kikatoka Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela. Vitabu hivi vilisomwa ili kujenga lugha, na maana ya hadithi ilipewa nafasi ndogo.

Aliyelazimisha maswali mapya ni Shaaban Robert. Katika Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, Karama anashtakiwa kwa kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Anayemshtaki ni waziri aitwaye Majivuno. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa nje ya nchi, miongoni mwao Buruhani, Fadhili, Kabuli na Auni, ambao kila mmoja alirudi na mawazo ya kuwafaa watu na akaishia kutiwa kifungoni. Msomaji hahitaji kusubiri matendo ili ajue nani ni nani, maana jina limekwisha kusema. Ndivyo ilivyo pia katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952, ambamo Adili anasumbuliwa na ndugu zake Hasidi na Mwivu.

Kwa muda mrefu majina haya yalitumika kama ufunguo pekee wa kazi za Shaaban Robert. Mwalimu aliyaandika ubaoni, wema upande mmoja na waovu upande wa pili, na dhamira ikawa ushindi wa wema juu ya uovu. Usomaji huo si wa makosa, ila umeacha nje sehemu yenye uzito zaidi. Kusadikika iliandikwa na mtumishi wa serikali ya kikoloni, nayo inaonyesha baraza la watawala wanaosikiliza mashtaka siku baada ya siku, na raia mmoja anayedai kwamba sheria ifundishwe kwa wote. Karama ana jina la fadhila, lakini nguvu yake ni hoja. Anazipanga kama wakili, ujumbe mmoja baada ya mwingine, mpaka wasikilizaji wake walazimike kuona kwamba waliofungwa walikuwa na haki. Wahakiki waliokuja baadaye ndio walioitambua nchi hiyo ya kubuni kuwa kioo cha utawala wa wakati wake.

Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Miaka miwili kabla ya hapo kulikuwa kumetoka Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichokuwa kimeshinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau. Bwana Msa, mpelelezi wake, aliwazoesha wasomaji kumtazama mhusika kwa mashaka: anasema nini, anaficha nini, anafaidika na nini.

Mabadiliko makubwa yalitokea Dar es Salaam. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967, na Kiswahili kikawa kinatazamwa kama chombo cha kujenga taifa. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alikuwa amekwisha kutafsiri Julius Caesar wa Shakespeare, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Chuo Kikuu kikaanza kufundisha fasihi ya Kiswahili kwa Kiswahili, Farouk Topan akiwa miongoni mwa waanzilishi, na mwaka 1970 Idara ya Kiswahili ikaundwa. Topan alihariri Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili, kitabu kilichotoka mwaka 1971, na miaka miwili baadaye T.S.Y. Sengo na Saifu Kiango wakatoa Hisi Zetu. Hapo ndipo mgawanyo wa fani na maudhui ulipozoeleka: dhamira, ujumbe, migogoro na falsafa vikawekwa upande wa maudhui; muundo, mtindo, lugha, mandhari na wahusika upande wa fani. Mgawanyo huu uliwasaidia walimu wasiokuwa na vitabu vya rejea, kwa kuwa uliwapa pa kuanzia. Kasoro yake ni kwamba ulimtenga mhusika na dhamira, hali dhamira haina njia nyingine ya kuonekana ila kupitia anachotaka mhusika na kinachomzuia.

Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, inalithibitisha hilo. Tamthiliya hii inahusu Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, na jina la mhusika mkuu ni la mtu aliyekuwapo kweli, Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani mwanzoni mwa vita. Hata hivyo, Hussein hakuandika wasifu. Kinjeketile wake anapandwa na pepo Hongo, anawapa watu maji na imani ya kuungana, kisha anaanza kutilia shaka maneno yaliyotoka kinywani mwake mwenyewe, hasa yale yaliyosema kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Anajiuliza kama ahadi ya kumtoa mtawala mmoja si mwaliko wa kumwingiza mwingine. Anataka watu wangoje wajiandae. Watu waliokwisha kuamini hawangoji.

Katika onyesho la mwisho yuko kifungoni, ameteswa, na anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda, jemadari aliyewafundisha watu kupigana, naye anamsihi aseme hivyo. Kinjeketile anakataa. Ukimweka katika orodha ya sifa utaandika kwamba ni jasiri, mwenye msimamo, mzalendo, na yote hayo yatakuwa kweli. Lakini kiini cha tamthiliya kiko kwenye ugumu wake: anayajua madhara ya maji, ameona waliokufa, na bado anaona kwamba kukiri mbele ya adui kutaiua hata imani ya umoja kwa vizazi vijavyo. Kitunda si mwoga wala msaliti. Anazungumza kwa niaba ya waliokufa. Hoja mbili zenye haki zinagongana, na dhamira ya ukombozi inazaliwa kwenye mgongano huo. Hakuna tamthiliya ya Kiswahili iliyoandikwa kabla yake inayomdai msomaji kiasi hicho.

Riwaya nayo ilipata mgogoro wake mwaka 1971, Euphrase Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika. Rosa ni binti wa Ukerewe, mtoto wa Zakaria, baba mlevi anayempiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Anakua bila kuruhusiwa hata kuzungumza na wanaume, na anapofika chuoni mbali na nyumbani, uhuru unamwangamiza. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa madai ya kukiuka maadili, kisha baadaye kikaruhusiwa na kuwa miongoni mwa vitabu vya fasihi vilivyosomwa sana. Ubishi huo ulikuwa, kwa kweli, ubishi wa uhakiki. Waliokikataa walimtazama Rosa kama kielelezo cha kufuatwa, kwa kipimo kilekile cha Adili. Waliokitetea walimtazama kama tokeo la malezi, na lawama wakaipeleka kwa Zakaria na kwa jamii. Kichwamaji ya mwaka 1974 ilikwenda mbali zaidi: Kazimoto, msomi anayeishia kujiua, hana adui wa kumshinda wala fadhila ya kufundisha, na wahakiki wakalazimika kuzungumzia udhanaishi, falsafa inayohoji maana ya kuishi.

Katika miaka ya 1970 hadi ya 1980 sauti iliyotawala chuoni ilikuwa ya uhakiki wa kitabaka. Mhusika aliulizwa anamiliki nini, anamfanyia nani kazi, na anasimama upande gani. Swali hilo lilizifaa sana riwaya za Adam Shafi: Kasri ya Mwinyi Fuad ya mwaka 1978, inayomhusu mwenye shamba na mtumishi wake Kijakazi kabla ya Mapinduzi ya Zanzibar, na Kuli ya mwaka 1979, ambamo Rashidi anakua kutoka kijana wa bandarini hadi kuwa mtu anayeelewa maana ya mgomo. Kwa Shaaban Robert swali hilohilo lilileta hukumu kali. Mhusika wake Utubora, anayeacha kazi ya mshahara ili akalime, alionekana kuwa mtu anayejiokoa peke yake, na mwandishi akaitwa mdhanifu. Hukumu hiyo ilisahau hali ya mwandishi aliyeishi chini ya wakoloni, lakini iliwafundisha wanafunzi kutolichukua jina la mhusika kama neno la mwisho.

Penina Muhando aliionyesha njia nyingine. Katika Nguzo Mama ya mwaka 1982, wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuusimamisha mhimili mmoja, na wanaitwa kwa namba: Bi Moja, Bi Pili, hadi Bi Nane. Kwa kipimo cha wahusika bapa, wenye sifa moja tu, na wahusika duara, wenye sura nyingi, hawa ni bapa. Ubapa wao ndio hoja yenyewe, kwani kila mmoja amebebeshwa tatizo moja la wanawake wengi, na wanashindwa kwa kuwa kila mmoja anavutwa upande wake. Nagona na Mzingile za Kezilahabi, zilizofuata miaka kadhaa baadaye, zilimvunja mhusika kabisa. Msimulizi anatangatanga kati ya wafu, wazee na vitabu, na orodha ya sifa zake haiwezi kuandikwa.

Nchini Kenya msukumo ulitoka kwa mtaala. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima, na vitabu teule vikasomwa na karibu kila mwanafunzi wa sekondari: Utengano ya Said Ahmed Mohamed, kisha Siku Njema ya Ken Walibora, yenye Kongowea Mswahili, kisha Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia. Wanafunzi walizoea kupewa dondoo na kutakiwa kueleza muktadha wake, kisha kutaja sifa za msemaji na za msemewa. Tanzania, yenye Baraza lake la Mitihani tangu mwaka 1973, ilipendelea kumpa mtahiniwa kauli moja aitetee kwa hoja kutoka vitabu viwili. Njia ya Kenya inamrudisha mwanafunzi kwenye maneno yenyewe ya kitabu. Ya Tanzania inamfundisha kulinganisha. Zote mbili zilizaa soko la miongozo na tahakiki, ambamo sifa za wahusika zimekwisha kuorodheshwa, na wako wanafunzi waliofaulu bila kukifungua kitabu chenyewe. Hii ni hasara kubwa, maana Kinjeketile aliyefupishwa kuwa sifa nne hawezi kumsumbua mtu.

Kazi za nadharia ziliendelea kuongezeka. Kimani Njogu na Rocha Chimerah walitoa Ufundishaji wa Fasihi mwaka 1999, na K.W. Wamitila akatoa Uhakiki wa Fasihi mwaka 2002 na Kamusi ya Fasihi mwaka uliofuata. Vitabu hivi viliwapa walimu istilahi za kutosha kuzungumzia nafsi, usimulizi na mtazamo wa mhusika kwa Kiswahili, na vyuoni riwaya za zamani zikaanza kusomwa upya kwa maswali mengine. Rosa, aliyewahi kujadiliwa kama mfano wa malezi mabaya, sasa anasomwa pia kama mwanamke ambaye mwili wake unaamuliwa na baba, walimu na wachumba, na ambaye hakuna aliyemuuliza anachotaka.