Mazabodi Mpya, Diski ya Zamani

Enzi za mfumo wa uendeshaji wa DOS, fundi aliyebadilisha mazabodi ya kompyuta hakubakiwa na kazi kubwa baada ya kukaza skrubu ya mwisho. Aliichomeka diski ileile, akaingiza aina yake kwenye mipangilio, na mashine ikawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Siri ilikuwa BIOS, programu fupi iliyohifadhiwa kwenye chipu ya mazabodi yenyewe. IBM ilipotoa PC yake tarehe 12 Agosti 1981, DOS haikulazimika kuvifahamu vifaa kwa undani: ilipotaka kusoma diski, iliiomba BIOS. Compaq, na baadaye Phoenix, ziliandika BIOS zao zilizojibu maombi yaleyale bila kunakili ya IBM. Tangu hapo mazabodi za viwanda mbalimbali zikaendesha DOS ileile.

Utulivu huo ulikuwa na gharama yake. Njia ya BIOS ilikuwa ya polepole, na mifumo mipya ya uendeshaji ikataka kuzungumza na vifaa moja kwa moja kwa kutumia draiva zake. Windows NT ya mwaka 1993 iliwekewa safu maalumu, HAL, ya kuficha tofauti za mazabodi. Wazo lilikuwa zuri sana. Tatizo ni kwamba HAL ilichaguliwa mara moja tu, siku ya kusakinisha mfumo, na Windows 2000 na XP zikarithi tabia hiyo.

Kisha ukaja msiba wa kapasita. Tangu mwaka 1999 hivi hadi karibu 2007, mazabodi nyingi duniani zilifungwa kapasita, vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme, zenye kimiminika kibovu. Vichwa vyake vilivimba, vikapasuka na kuvuja uchafu wa kahawia, na kompyuta isiyo na umri mkubwa ikaanza kujizima. Diski ilikuwa nzima na kazi za mwenyewe zimo ndani. Kilichokufa ni mazabodi. Mafundi wengi wakajikuta wanafunga mazabodi mpya chini ya Windows XP ya zamani.

Matokeo yalijulikana: nembo ya Windows inaonekana, kisha skrini ya buluu yenye namba 0x0000007B. Ukitazama hatua kwa hatua, utaona kwa nini. Mwanzoni kabisa, kipakizi cha Windows husoma diski kwa msaada wa BIOS, hivyo kila kitu huenda sawa. Halafu kiini cha mfumo hushika usukani na kuitafuta diski kwa draiva yake chenyewe. Draiva hiyo ni ya kidhibiti cha diski cha mazabodi iliyotolewa. Papo hapo diski inapotea machoni pa mfumo ambao sekunde chache zilizopita ulikuwa unasomwa kutoka humo humo.

Waliojua waliizuia skrini hiyo mapema: kabla ya kuitoa mazabodi ya zamani, kama bado ilikuwa inawaka, waliibadilisha draiva ya kidhibiti iwe ile ya kawaida ya IDE, aina ya kiunganishi cha diski. Waliochelewa waliingiza CD ya XP, wakachagua kusakinisha, wakabonyeza F8 kukubali masharti, kisha R kukarabati. Faili za mwenyewe zilibaki. Lakini mtu akikosea pale kwenye R akaufomati upya mgawanyo wa diski, ndiyo ilikuwa kwaheri ya picha za harusi na hesabu za duka.

Mfumo ukishawaka, ulikuja mtihani ambao bisibisi haiusaidii. XP, iliyotoka Oktoba 2001, ilikuwa inathibitisha leseni kwa kupima sifa kumi za vifaa. Mazabodi haikuwamo kwa jina, ila kidhibiti cha IDE na kadi ya mtandao vilikuwamo, na vyote viwili mara nyingi hukaa juu yake. Mabadiliko yakizidi, mtumiaji alilazimika kuomba uthibitisho upya, pengine kwa simu, akisoma tarakimu 50 na kuandika 42 za majibu. Kwa leseni zilizouzwa pamoja na kompyuta, Microsoft ilishikilia kuwa mazabodi mpya ni kompyuta mpya, isipokuwa ya zamani iwe imeharibika. Sharti hilo lilimbana mteja kuliko hitilafu yoyote ya draiva.

Linux ilipita njia nyingine, kwa sababu hubeba draiva nyingi ndani ya kiini chake. Knoppix, toleo la Linux la Klaus Knopper, kuanzia mwaka 2000, ilionyesha kuwa CD moja inaweza kuwaka kwenye mashine isiyoijua na kuvitambua vifaa yenyewe.

Windows nayo ilijirekebisha. Vista ilianza kuchagua HAL kila inapowaka, na Windows 10 kwa kawaida huipokea mazabodi mpya bila ugomvi. Tangu Agosti 2016, leseni yake inaweza kuunganishwa na akaunti ya Microsoft.

Kikwazo cha leo ni ufunguo. BitLocker, programu ya Windows ya kusimba diski, huufungia ufunguo wake kwenye TPM, sehemu ya usalama iliyo kwenye mazabodi au ndani ya prosesa. Kimojawapo kikibadilishwa, Windows hudai tarakimu 48 za kurejesha, na bila hizo data hazisomeki. Laptopu nyingi huwashiwa usimbaji huo bila mwenyewe kujua. Unayepeleka mashine kwa fundi, kama bado inawaka, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft leo, utafute tarakimu hizo na uziandike kwenye karatasi kabla skrubu ya kwanza haijalegezwa.