Neno "Meli" na Barua za Ziwa Viktoria

Wanafunzi wengi wakiulizwa maana ya neno "meli" hujibu kuwa ni chombo kikubwa cha majini kinachoendeshwa kwa mtambo. Jibu ni sahihi, ila asili ya neno imesahaulika. Limetoholewa kutoka neno la Kiingereza "mail", yaani barua. Chombo kilichokuwa kikileta barua pwani kilipewa jina la mzigo wake.

Hapa Uganda tunaweza kulifundisha neno hili kwa kisa cha stima ndogo William Mackinnon. Iliundwa Paisley, Uskoti, ikapelekwa Afrika ya Mashariki vipande vipande. Reli ilikuwa bado haijafika ziwani, hivyo wapagazi ndio waliobeba vipande hivyo sehemu ya safari. Stima iliunganishwa Kisumu na kushushwa majini mwaka 1900. Reli ilifika huko Desemba 1901.

Kabla ya hapo barua ya kwenda Mombasa iliwategemea matarishi na misafara iliyotembea kwa miezi. Stempu za kwanza za Uganda, zilizopigwa kwa taipureta na mmisionari Ernest Millar mwaka 1895, zilihesabiwa bei kwa kauri. Baada ya reli kufika, mfuko wa barua ulishuka Kisumu, ukavuka ziwa pamoja na abiria na shehena hadi Entebbe. Meli kubwa zaidi, Winifred na Sybil, zilifuata. Mwaka 1931 reli ilipofika Kampala, barua za pwani hazikulazimika tena kuvuka ziwa.

Je, kisa hiki kinamhusu nini mwalimu wa Kiswahili? Wanafunzi wetu wengi huingia darasani wakiwa wamesikia kwamba Kiswahili kililetwa Uganda na bunduki, kwamba ni lugha ya askari tu. Upande huo wa historia upo, wala tusiufiche. Lakini misafara iliyobeba barua na vipande vya stima ilizungumza Kiswahili pia. Na tazama msamiati wenyewe: "nahodha" lina asili ya Kiajemi, "abiria" na "shehena" ni ya Kiarabu, "stima" na "meli" ni ya Kiingereza. Hakuna hata moja la vita. Yote ni maneno ya kazi.

Basi mwalimu anapofundisha utohozi, na aanze na "meli". Mwanafunzi atajua kwamba lugha hii ilitufikia ikiwa imebeba barua pia.