Nembo ya Mbao Iliyosikiliza Mabalozi Wanne

Agosti 4, 1945, watoto wa Kisovieti walimkabidhi Balozi wa Marekani mjini Moscow, Averell Harriman, nembo ya taifa lake iliyochongwa kwa mbao. Ilikuwa zawadi ya urafiki. Harriman aliitundika katika chumba chake cha kazi nyumbani kwake, Spaso House, na mabalozi waliomrithi wakaiacha palepale. Mwaka 1952, wakati wa zamu ya George Kennan, balozi wa nne kufanya kazi chini ya nembo hiyo, mafundi waliletwa kupekua nyumba. Kennan aliketi akimsomea karani wake barua kwa sauti, kana kwamba ana shughuli nyeti, huku wao wakitafuta kimyakimya mahali sauti inapovujia. Wakaipasua nembo.

Walichokikuta hakikuwa na betri, hakikuwa na waya wa umeme. Kilikuwa kikopo kidogo cha shaba, antena yenye urefu wa sentimita 23 hivi, na utando wa chuma wenye unene wa mikromita 75 tu. Majasusi waliokuwa nje ya jengo walikimulika kwa mawimbi ya redio. Balozi akizungumza, sauti yake iliutetemesha utando. Utando ukitetema, ulibadilisha namna kikopo kinavyorudisha mawimbi. Na mawimbi yaliyorudi yalibeba maneno. Mawimbi yakizimwa, kilichobaki ukutani kilikuwa chuma kilichokufa, na ndiyo maana wapekuzi walikipita kwa miaka saba.

Aliyekibuni ni Lev Termen, ambaye ulimwengu wa Magharibi unamjua kama Leon Theremin, mvumbuzi wa ala ya muziki inayopigwa bila kuguswa. Serikali yake ilimkamata mwaka 1939, ikampeleka katika kambi za wafungwa za Kolyma, kisha ikamfanyisha kazi katika maabara ya wafungwa. Inauma kuona kipaji cha namna ile kikitumikishwa chini ya ulinzi.

Wazo lenyewe lilikuwa la zamani kuliko Termen. Mwaka 1880, mjini Washington, Alexander Graham Bell na msaidizi wake Charles Sumner Tainter walituma sauti kwa mwanga wa jua umbali wa mita 213. Msemaji alizungumza nyuma ya kioo chembamba, kioo kikatetema, na mwanga uliorudi ukabadilika kwa kufuata sauti yake. Redio au mwanga, yote ni mawimbi ya sumakuumeme.

Kufanya jambo ni tofauti na kulikokotoa, na hapa ndipo watu wa hesabu wanapostahili heshima ambayo hadithi za ujasusi huwanyima. Chukua rada ya gigahezi 24, ambayo wimbi lake lina urefu wa milimita 12.5. Kitu kikisogea milimita 1 kuielekea, safari ya wimbi, kwenda na kurudi, inafupika kwa milimita 2. Hiyo ni karibu nyuzi 58 za duara la wimbi, badiliko kubwa linalopimika bila shida. Kitu kikiendelea kwenda mbele na nyuma, wimbi linalorudi huzaa masafa mapya pande zote mbili za masafa yake ya asili, yakiachana kwa kiasi cha masafa ya mtetemo. Nguvu ya kila moja hupatikana kwa kanuni zenye jina la Friedrich Bessel, mwanafalaki Mjerumani wa karne ya 19 aliyezichunguza akiwa anashughulikia mienendo ya sayari.

Einstein alikwisha kukokotoa, mwaka 1905, mwanga unaogonga kioo kinachokwenda kwa kasi isiyobadilika. Kioo kinachotetema ni kigumu zaidi, maana kasi yake hugeuka kila mara. Van Bladel na De Zutter, watafiti wa Ubelgiji, walilishughulikia tatizo hilo katika makala ya mwaka 1981. Lakini kwa vitu vya kawaida kuna njia nyepesi. Mwanga husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, ilhali kifua cha mtu anayepumua hakifikii hata mita moja kwa sekunde. Basi katika kila nukta ya wakati kitu huchukuliwa kama kimesimama tuli, kisha picha za nukta hizo huunganishwa. Ugumu unabaki kwenye umbo: bamba la chuma halitetemi lote pamoja. Sehemu moja ikija mbele, nyingine hurudi nyuma, na mawimbi yao yanaweza kufutana. Kompyuta hulikata bamba vipandevipande na kujumlisha mchango wa kila kimoja.

Mwaka 1975 James Lin alichapisha namna ya kupima upumuaji kwa mikrowevu bila kumgusa mtu. Baadaye Victor Chen, wa maabara ya utafiti ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, alionyesha jinsi rada inavyotambua mikono ya mtembea kwa miguu au mapanga ya helikopta kwa alama za mitikisiko yake. Na baada ya tetemeko la Nepal la Aprili 2015, kifaa cha rada kiitwacho FINDER, kilichotengenezwa kwa ushiriki wa NASA, kilinasa mapigo ya moyo chini ya kifusi katika mji wa Chautara. Wanaume wanne waliokolewa wakiwa hai.

Walimu wa fizikia wa sekondari, hesabu ya zile nyuzi 58 haihitaji zaidi ya kuzidisha na kugawanya. Wapeni wanafunzi waifanye wenyewe.