Rafadha ya kasi thabiti kwenye injini ya Wankel

Rafadha ya kasi thabiti ni rafadha ya ndege ambayo mapanga yake hugeuka kwenye mashina yake ili injini izunguke kwa kasi aliyoichagua rubani, ndege ipande au iteremke. Aina inayosukumwa kwa oili ndiyo iliyoenea zaidi. Kwenye injini iliyoundwa kwa ajili ya ndege, njia ya oili hiyo kwa kawaida imeshatobolewa kiwandani. Kwenye ndege ya kujiundia yenye injini ya Wankel, ambayo kwa kawaida hutolewa kwenye gari, njia hiyo haipo, na fundi hana budi kuitengeneza.

Mwenye motere pale Kalundu, bandari ya Uvira, anajua faida ya kubadili pembe ya mapanga bila kusomeshwa. Boti tupu hukimbia na injini ikalia juu. Ipakie magunia ya kwenda Baraka, na rafadha ile ile inakuwa nzito: motere inanguruma chini chini, haifikii mizunguko yake, inakula mafuta bure. Nafuu yake ni kufungua rafadha na kufunga nyingine. Rubani hawezi kufanya hivyo akiwa hewani.

Na Uvira yenyewe haimsaidii. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 773 hivi juu ya bahari. Siku yenye joto la nyuzi 30, hewa ya ufukweni huwa nyepesi kama ile ya mita 1,500 katika hali ya kawaida, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya saba ya nguvu zake ikiwa bado chini. Nyuma ya mji milima inapanda ghafla kuelekea Itombwe, ambako vilele hupita mita 3,000. Rafadha isiyobadilika iliyochongwa kwa safari ndefu juu ya maji huchelewa kumpandisha rubani. Iliyochongwa kwa kupanda huifanya injini ipitilize mizunguko mara ndege inapolala kwenye safari.

Ndege za kwanza kutumika vitani kwenye ziwa hili hazikuwa na uchaguzi. Mwaka 1916 Wabelgiji walipewa na Waingereza ndege nne za maji aina ya Short 827, zenye injini za Sunbeam za nguvu za farasi 150 na rafadha za mbao zisizobadilika. Ziliwekwa Mtoa, kaskazini ya Kalemie ya leo, na mwezi Juni zikaenda kuitupia mabomu meli ya Wajerumani Graf von Götzen huko Kigoma. Hataza ya rafadha inayojirekebisha kwa oili ilitolewa Uingereza mwaka 1924, kwa wahandisi Hele-Shaw na Beacham.

Moyo wa mtambo ni gavana, jamaa wa karibu wa gavana ya pampu ya dizeli. Ndani yake vyuma viwili vidogo huzunguka vikivutana na springi. Kasi ikizidi, vyuma hutanuka na kuinua vali. Oili inapita, inasukuma pistoni iliyo ndani ya kitovu cha rafadha, na mapanga yanaongeza pembe. Mzigo ukiongezeka, injini inarudi kwenye kasi yake. Kasi ikipungua, oili inaachiwa irudi na mapanga yanalala. Pampu ya gavana hupokea oili ya injini yenye bar 4 au 5 na kuipandisha hadi karibu 20. Katika ndege nyingi za injini moja, oili ikikosekana mapanga hurudi kwenye pembe ndogo.

Injini ya Wankel, iliyowaka mara ya kwanza huko NSU, Ujerumani, mwaka 1957, yenyewe haina pistoni. Ina rota za pembe tatu, na shafti huzunguka mara tatu kila rota inapozunguka mara moja. Mazda 13B, yenye rota mbili na sentimita za ujazo 1,308, ndiyo wajenzi wengi huipenda. Ni ndogo, ina vipande vichache vinavyotembea, lakini nguvu yake iko kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika. Rafadha ya mita 1.8 ikizungushwa hivyo, ncha zake zingepita mita 560 kwa sekunde, kasi kubwa kuliko sauti. Kwa hiyo inatakiwa giaboksi ya kupunguza. Kwa uwiano wa 2.17 kwa 1, mizunguko 6,000 hushuka hadi 2,765.

Hapo ndipo kazi ilipo. Giaboksi hizi mara nyingi huundwa kwa gia za sayari kutoka kwenye gari la gia za kujibadilisha, na shafti ya mbele haikukusudiwa kubeba oili. Lazima itobolewe katikati, na ivalishwe kola isiyozunguka yenye pete za kuzuia mvujo, ili oili ya gavana iingie kwenye shafti inayozunguka. Gavana nayo iendeshwe kutoka upande wa rafadha. Ikifungwa moja kwa moja kwenye mizunguko 6,000, vyuma vyake vitatanuka kabla ya wakati na mapanga yatabaki kwenye pembe kubwa. Mwelekeo wa mzunguko uangaliwe pia, kwani gia za kawaida huugeuza na gia za sayari, zikipangwa kwa njia iliyozoeleka, haziugeuzi. Rafadha ya kuzunguka kulia haifai kushoto.

Jambo linalosahaulika zaidi ni joto. Katika Wankel oili hupoza rota kutoka ndani na hubeba takriban theluthi moja ya joto linalotolewa kwa kupoza. Oili moto ni nyepesi; huvuja kwenye kola na ndani ya gavana, na rafadha inachelewa kuitikia. Kitovu kinachozunguka hukusanya pia uchafu wote wa oili na kuugandisha ukutani. Kwa joto la pwani ya ziwa, ningeanza na kipoza oili kikubwa kuliko kile cha gari, na chujio safi, kabla ya kununua rafadha yenyewe. Mjenzi ambaye giaboksi yake imeshafungwa bila tundu la oili afadhali achukue rafadha inayogeuzwa kwa umeme, kwa kuwa hiyo haihitaji oili ya injini hata kidogo.

Kabla ya kupaa, injini ikishapata moto, rubani huvuta kishikio cha rafadha mara mbili tatu. Mlio unazama, mshale wa mizunguko unashuka, kisha unarudi. Mara ya kwanza hushuka kwa kusitasita, kwa sababu oili iliyo ndani ya kitovu bado ni baridi. Mara ya tatu mshale ukishuka bila kusita, oili ya moto imeshafika.